Pole ya Moto Isiishie Mdomoni

Na Mganga Msaidizi wa Vijijini, Pemba

Leo katika ukurasa huu wa afya hatuzungumzi habari za malaria wala za minyoo. Tunazungumza habari za moto. Si moto wa jikoni, bali moto wa porini. Moto huu huanza kondeni, ukaingia mashambani, ukafika mpaka kwenye nyumba za watu.

Moto ukitokea, sisi sote tunajua neno la kumwambia aliyepatwa. Tunamwambia, "Pole." Hili ni neno zuri. Lakini jirani akishasema pole, afanye nini tena? Hilo ndilo somo letu la leo.

Miezi ya hatari

Wenyeji wa kisiwa chetu wanajua majira yao. Mvua za vuli zikimalizika, hufuata miezi ya jua kali kabla ya masika. Upepo wa kaskazi unavuma. Majani yanakauka. Wakulima wanafyeka makonde yao na kuyachoma, ili masika yawakute tayari.

Upande wa mashariki wa Pemba, penye ardhi ya mawe, vichaka hukauka upesi sana. Kwingineko kuna mashamba ya mikarafuu. Pemba ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar. Chini ya mikarafuu hiyo hulala majani makavu mengi.

Mkarafuu haustahimili moto. Gome lake ni jembamba, na mizizi yake mingi iko karibu na uso wa ardhi. Moto wa majani unaweza kupita chini ya mti kwa dakika chache tu. Ukitazama siku ile, utaona mti umesimama. Baada ya muda utauona unakauka. Mche mpya wa mkarafuu huchukua miaka 6 hadi 8 hivi kabla ya kuanza kuzaa vizuri. Basi mtu aliyeunguliwa na mikarafuu hakupoteza mavuno ya mwaka mmoja. Amepoteza ada ya skuli ya watoto wake kwa miaka mingi.

Moto huu huanza vipi? Mara nyingi huanza kwa mkono wa mtu. Mmoja anachoma konde bila ya kulizungushia kinga. Mwingine anachoma makaa na kuliacha tanuri peke yake. Mwingine anarina asali kwa mwenge. Mwingine anatupa kipande cha sigara njiani. Hakuna katika hao aliyekusudia kuunguza kijiji.

Niliyoyaona mwenyewe

Sasa nitakusimulia jambo nililoliona katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi. Sitataja kijiji wala majina ya watu. Siri ya mgonjwa ni amana.

Mkulima mmoja alichoma konde lake asubuhi. Alipoona miali imetulia, alikwenda kuswali na kula chakula cha mchana. Kisiki kimoja kilikuwa bado kina kaa ndani yake. Adhuhuri upepo ulizidi. Kaa lile likaamka. Watu walipoona moshi, moto ulikuwa umekwisha kuvuka njia na kuingia katika mikarafuu.

Mwadhini alitangaza kwa kipaza sauti cha msikiti. Watu wakatoka kila upande. Kina mama walijipanga mstari kutoka kisimani, na ndoo zikapita mkono kwa mkono. Vijana walikata matawi mabichi na kuupiga moto. Wengine walifyeka ukanda mbele ya moto ili ukose cha kula. Wazee waliwatoa watoto na mbuzi. Kabla ya magharibi moto ulikuwa umezimwa. Hakufa mtu. Lakini nyumba mbili za makuti ziliteketea, na mikarafuu ya watu kadhaa iliungua.

Jioni ile watu tisa walikuja kituoni kwangu. Wengine walikuwa wanakohoa kwa moshi. Wengine walikuwa na malengelenge mikononi na miguuni. Kijana mmoja alijikata kwa panga wakati wa kufyeka. Niliwahudumia wote tisa, nikaandika majina yao katika daftari, nikalala. Nilidhani kazi imekwisha.

Katika kijiji, pole haikukatika. Sahani za wali na muhogo zilitoka kila nyumba. Mjane mmoja aliyeunguliwa na nyumba alipewa chumba na jirani yake. Mwingine alimletea mkeka, mwingine kanga mbili, mwingine sufuria. Nilipokwenda kumtazama aliniambia, "Mwanangu, usiku wa jana sikulala na njaa. Watu wamenihurumia."

Usiku wa tatu nikasikia hodi mlangoni kwangu. Alikuwa yule mkulima aliyechoma konde. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kwa kitambaa. Aliniambia, "Daktari, usiwashe taa kubwa." Nilipofungua kitambaa nilikuta mkono umepakwa masizi na mavi ya ng'ombe. Kidonda kilikuwa kinatoa usaha na kunuka. Vidole vilikuwa vimevimba.

Nilimwuliza kwa nini hakuja siku ile ile. Alijibu, "Nilijaribu kuuzima kwa mikono, ukanishinda. Kisha nikaona haya. Watu wote wanaugua kwa sababu yangu. Vipi nije kukaa nao benchi moja?"

Nilimsafisha kidonda, nikamfunika kwa kitambaa safi, na asubuhi nikampeleka hospitali. Huko alitibiwa, na pia alichomwa sindano ya kumkinga na pepopunda. Alipona. Lakini mpaka leo vidole vyake viwili havinyooki. Angelikuja siku ya kwanza, huenda vingelipona vizuri zaidi.

Ndugu msomaji, siku ile nilijifunza. Nilihesabu wagonjwa waliokuja. Sikuuliza ni nani ambaye hakuja. Kila mtu kijijini aliwajua waliounguliwa na nyumba. Hakuna aliyemtafuta yule ambaye watu walikuwa wanamlaumu.

Habari ilipoenea, wengine walisema, "Mwacheni aone uchungu." Yule mjane hakusema hivyo. Alipika uji, akampa mtoto aupeleke nyumbani kwa yule mkulima. Alipoulizwa, alijibu, "Kesi ina sheha na ina polisi. Uji huu ni wa mgonjwa."

Neno lile ni fundisho kubwa la afya. Sheria ifuate njia yake. Aliyeunguza mali ya watu ajibu kwa wanaohusika. Lakini kidonda hakiulizi nani mwenye makosa. Mtu akiogopa lawama, ataficha ugonjwa wake. Akiuficha, ugonjwa unakua.

Mfano wa Mlima Kilimanjaro

Mambo haya si ya kisiwani kwetu tu. Wengi wetu tunakumbuka moto wa Mlima Kilimanjaro. Moto huo ulianza tarehe 11 Oktoba 2020, mahali panapoitwa Whona, ambapo wapanda mlima hupumzika. Taarifa za mwanzo za Shirika la Hifadhi za Taifa, yaani TANAPA, zilisema huenda ulianzia kwa wapagazi waliokuwa wanapasha moto chakula cha wageni. Upepo na ukame viliukuza. Moto ulikula zaidi ya kilometa za mraba 90 za vichaka na uoto wa mlimani.

Nani waliuzima? Walikuwapo askari wa hifadhi na wa zimamoto. Lakini hawakuwa peke yao. Mamia ya watu walijitolea kupanda mlima. Walikuwapo wanakijiji wa pembeni mwa mlima. Walikuwapo wanafunzi wa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori cha Mweka. Huko juu hewa ni nyepesi, usiku una baridi kali, na gari haziwezi kufika kila mahali. Walipambana na moto kwa matawi, mapanga na majembe. Nao waliobaki chini walichangia chakula na maji ya kuwapelekea waliokuwa juu.

Tazama basi. Kilimanjaro ni mlima mrefu kuliko yote katika Afrika. Pemba ni kisiwa cha vilima vidogo. Lakini moto ulifanana. Ulianza kwa kazi ya kila siku ya mtu wa kawaida. Ulizimwa kwa mikono mingi. Na mikono ile ilihitaji kulishwa na kunyweshwa maji. Huko nako si kila aliyesaidia alishika tawi. Mwenye kupika alisaidia. Mwenye kubeba maji alisaidia.

Saa ya kwanza: okoa watu

Moto ukitokea, mali inaweza kutafutwa tena. Roho haitafutwi. Kwa hiyo fanya haya:

1. Piga kelele na tangaza. Mjulishe sheha mara moja ili awaite Kikosi cha Zimamoto na Uokozi. Namba zao ziandikwe mapema ukutani skuli, msikitini na kituo cha afya.

2. Watoe kwanza watoto, wazee, wagonjwa, wajawazito na watu wenye ulemavu. Kila mtaa uwajue watu wake wasioweza kukimbia.

3. Watu wenye pumu wapelekwe mbali na moshi. Moshi huua hata pale ambapo moto haujafika.

4. Ukiwa ndani ya nyumba yenye moshi, inama au tambaa. Hewa nzuri iko chini.

5. Nguo ikishika moto usikimbie. Ukikimbia unaupepea. Simama, lala chini, ziba uso kwa mikono, bingirika. Mwenzako akufunike kwa blangeti zito au akumwagie maji.

6. Usisimame mbele ya moto unaokuja na upepo. Usipande kilima kuukimbia, kwani moto hupanda mlima haraka. Kimbilia mahali palipokwisha kuungua na kupoa, au penye udongo mtupu.

7. Asirudi mtu ndani kufuata godoro wala redio.

Wanaozima moto nao ni watu wa kuangaliwa. Wapokezane. Wanywe maji mara kwa mara. Wavae viatu na nguo za pamba zenye mikono mirefu. Nguo za nailoni huyeyuka na kuganda kwenye ngozi.

Mtu akiungua: dawa yake ni maji

Wazee wetu wana msemo, "Dawa ya moto ni moto." Msemo huu una maana yake katika mambo mengine. Lakini kwa ngozi iliyoungua haufai hata kidogo. Dawa ya kwanza ya ngozi iliyoungua ni maji.

Mwondoe mtu kwenye moto. Mvue pete, bangili na saa kabla hajavimba. Mvue nguo iliyoungua, lakini ile iliyoganda kwenye ngozi usiivute. Kisha mwagia mahali palipoungua maji safi ya baridi ya kawaida, yanayotiririka, kwa dakika 20. Dakika 20 ni nyingi. Hazifiki kwa kuchovya mara moja. Kama huna bomba, mimina kwa kata au kopo, polepole, bila ya kuacha. Hata kama umechelewa kidogo, maji bado yanasaidia katika saa 3 za mwanzo. Usitumie barafu.

Wakati unapoza kidonda, mfunike sehemu nyingine za mwili asipate baridi, hasa mtoto mdogo. Kisha funika kidonda kwa kitambaa safi. Kanga iliyofuliwa na kupigwa pasi inafaa. Usikaze.

Sasa soma vizuri maneno haya. Usipake dawa ya meno. Usipake samli, mafuta ya nazi wala mafuta ya taa. Usipake ute wa yai, unga, masizi, majani yaliyotafunwa wala mavi ya ng'ombe. Vitu hivi huzuia joto lisitoke, na vingine huingiza wadudu wa maradhi. Usipasue malengelenge. Ngozi ile ni kifuniko cha kidonda.

Mgonjwa akiwa na fahamu na safari ni ndefu, mpe maji safi ya kunywa kidogo kidogo. Aliyepoteza fahamu usimpe kitu mdomoni.

Nani apelekwe hospitali upesi? Mpeleke huyu:

- Aliyeungua mahali pakubwa kuliko kiganja chake mwenyewe. Kiganja cha mtu pamoja na vidole ni kama sehemu moja katika sehemu mia za ngozi yake.
- Aliyeungua usoni, shingoni, mikononi, miguuni, sehemu za siri au kwenye viungo.
- Mtoto mdogo, mzee au mjamzito.
- Aliyevuta moshi, mwenye sauti iliyokauka, masizi puani, au anayepumua kwa shida.
- Ambaye kidonda chake ni cheupe au cheusi na hakimwumi. Kutouma si dalili njema. Moto umeingia ndani sana.

Pemba tuna hospitali Chake Chake, Wete, Micheweni, na Hospitali ya Abdalla Mzee iliyopo Mkoani. Usingojee mpaka kidonda kinuke. Na kila mwenye kidonda cha moto aulize habari ya sindano ya pepopunda.

Siku za mwanzo: sadaka nyingi, mpango mmoja

Katika siku za mwanzo watu hutoa sana. Hii ni sifa yetu. Lakini sadaka bila ya mpango huharibika. Familia moja hupata sufuria sita na haina hata sabuni moja. Mwenye sauti hupata zaidi, na mnyonge hukosa. Kwa hiyo iwepo orodha moja. Sheha aiongoze pamoja na kamati ya watu wanaoaminika, kina mama wakiwamo. Orodha isomwe mbele ya watu. Pia taarifa ifikishwe kwa wilaya na kwa Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa ya Zanzibar, kwa njia ya sheha.

Mambo ya kuyaangalia ni haya:

Maji na choo. Nyumba iliyopokea wageni kumi ina choo cha watu watano. Chemsha maji ya kunywa au yatie dawa. Nawa mikono kwa sabuni. Msiba wa moto usizae msiba wa kuharisha.

Chakula. Wapeni chakula kilichopikwa siku za mwanzo, kwani hawana chombo cha kupikia. Mama anayenyonyesha apewe chakula yeye, aendelee kumnyonyesha mtoto wake.

Dawa. Moto huunguza pia vidonge. Waulize wazee: je, dawa ya presha ipo? Dawa ya kisukari ipo? Kadi ya kliniki ya mtoto ipo? Kama hazipo, waelekezeni kituo cha afya siku ile ile. Hatuwagombezi walioungukiwa na kadi.

Malazi. Mkeka, blangeti na chandarua ni dawa pia.

Maneno. Usimwambie aliyepatwa, "Ungelifanya hivi." Usiwalete watu kumpiga picha akilia. Kaa naye. Msikilize. Mtoto aliyeanza tena kukojoa kitandani au kushtuka usiku asipigwe. Ameogopa. Akikumbatiwa na kurudi skuli mapema, wengi wao hutulia. Mtu mzima asiyelala, asiyekula, au anayesema hana haja ya kuishi, mleteni kituoni. Hilo nalo ni jeraha.

Na kumbukeni swali nililolisahau mimi: ni nani ambaye hakuja? Mtafuteni mgonjwa wa kumi.

Mwezi wa tatu

Ndugu msomaji, sasa tumefika kwenye jambo kubwa. Siku ya kwanza kila mtu anakuja. Wiki ya kwanza wengi bado wanakuja. Mwezi wa tatu ni nani anakuja? Majivu yamepeperushwa. Masika yamefika. Kila mmoja yuko kondeni kwake. Lakini mjane bado analala kwenye chumba cha watu. Kidonda kirefu bado kinahitaji kufungwa. Vidole vya aliyeungua vinahitaji kunyooshwa kila siku kama alivyoelekezwa hospitali, la sivyo vinakakamaa.

Katika kijiji kile walifanya jambo moja zuri. Baada ya wiki chache waliona kuwa pole imeanza kupungua. Wakakaa barazani, wakagawana kazi. Kila nyumba ilitoa kuti zilizosukwa, kwa kadiri ya uwezo wake. Vijana walitoa fito na siku moja ya kazi kila wiki. Kina mama walipanga zamu ya kumtazama mjane. Wenye vitalu walitoa miche ya mikarafuu. Masika hayajakolea, mjane alikuwa chini ya paa lake. Jiko walilijenga mbali kidogo na nyumba, ili cheche isipate tena makuti.

Siku ya kuezeka, yule mkulima alikuja. Mkono wake wa kulia ulikuwa haufanyi kazi bado. Alibeba makuti begani na kuyashika kwa mkono wa kushoto. Hakuna aliyemwambia neno. Mjane alimpa kikombe cha chai kama alivyowapa wengine.

Haba na haba hujaza kibaba. Kuti moja halifuniki nyumba. Lakini kuti moja kutoka kila nyumba hufunika nyumba nzima.

Bora kukinga

Pole bora kuliko zote ni ile isiyohitajika. Mwaka 1980 huko Tanzania Bara kulikuwa na kampeni ya redio iliyoitwa Misitu ni Mali. Kabla yake, mwaka 1973, kulikuwa na Mtu ni Afya. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kutenda. Na sisi tufanye hivyo.

Kwanza, jiulize kama ni lazima kuchoma. Majani yaliyofyekwa yakirundikwa na kuozeshwa ni mbolea. Bwana shamba au bibi shamba atakuonyesha.

Kama huna budi, pata ruhusa na mjulishe sheha na jirani wa mpakani. Safisha ukanda mpana kuzunguka konde lako mpaka uone udongo mtupu. Usichome adhuhuri wala siku ya upepo. Weka karibu madumu ya maji, mchanga na matawi mabichi. Wawepo watu wa kutosha. Choma kidogo kidogo. Usiondoke mpaka umeshika majivu na visiki kwa mkono ukaona vimepoa. Yule mkulima aliniambia mwenyewe: kisiki kimoja tu, na chakula cha mchana kimoja tu.

Mwenye mikarafuu naye asafishe shamba lake kabla ya kiangazi. Majani makavu yasirundikane chini ya miti.

Ndugu msomaji, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Moto uliomfika jirani leo unaweza kukufika wewe kesho. Au unaweza kutoka kwenye konde lako wewe. Siku hiyo utapenda watu wakupokee vipi? Basi wapokee wenzako hivyo hivyo.

Maswali ya kujadili katika darasa la kisomo

1. Kwa nini mkarafuu ulioungua ni hasara ya miaka mingi?
2. Mtu akiungua mkono, utamwagia maji kwa dakika ngapi? Vitu gani hupaswi kumpaka?
3. Kwa nini mkulima alikuja kituoni usiku wa tatu? Sisi tungefanya nini ili aje mapema?
4. Mjane alisema, "Uji huu ni wa mgonjwa." Alikuwa na maana gani?
5. Katika mtaa wenu, ni nani hawawezi kukimbia moto ukitokea? Nani atawatoa?
6. Je, kuna mtu kijijini kwenu aliyepatwa na msiba miezi mitatu iliyopita? Nani alikwenda kumtazama wiki hii?

Swali la sita msilijibu kwa mdomo tu. Mkitoka darasani, nendeni mkamtazame.